Fimbo ya Mzee na Usukani wa Boti

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Maji ya maharage yakikauka zima jiko, usiyaunguze kama jana. Nimekwenda hospitali kumchukua baba yako, ameruhusiwa.

Asubuhi nimeitafuta fimbo yake nyumba nzima, hadi chini ya vitanda. Kumbe fundi wetu umeikata! Miezi minne unabandika vijiti kwa gundi kwenye meza ya chakula, boti yenyewe ya mfano, zile za kubeba mizigo mferejini, haizidi mkate, halafu umeipachika usukani mnene kuliko bomba lake la moshi. Hongera, nahodha. Mbao zote duniani zilikwisha, ikabaki fimbo ya mgonjwa?

~~Hiyo boti igeuze kuni.~~ Hapana, iache. Iweke dirishani, karibu na kitanda chake. Aliendesha boti za kweli za namna hiyo miaka thelathini, hatakosa la kukucheka.

Futa vumbi la mbao. Saa saba uwe mlangoni. Mzee akiniuliza atatembea na nini, nitamwambia fimbo mpya inamsubiri hapo, ina masharubu na mikono imejaa gundi.

Mama watoto