Pakacha la Simu Mlangoni

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepoa tangu mvua zilipokatika. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho imechafuka. Nimempa jirani yangu Bi Saada, anayekuja Chake Chake, akuletee mkononi. Sikupiga simu kwa sababu yako unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia.

Unajua kule kituo cha habari nilikotoka kazi yangu ilikuwa hii hii ya kulinda kompyuta. Kelele zilikuwa nyingi, lakini watu walikuwa na hofu. Kila mtu na nywila yake, na mhariri akiona ujumbe asioujua ananipigia hata akiwa msalani. Wezi wa kule walitaka kutangaza uongo kwa jina letu, na wakiingia tu nchi nzima inaona. Huku kwenye kampuni ya burudani, tunakopiga muziki na kurekodi video za harusi, mwizi hatangazi kitu. Anachota taratibu, anaondoka, na sisi tunaendelea kupiga muziki.

Na kwa nini asiingie? Nywila moja kwa wote, imebandikwa ukutani juu ya chupa ya chai! Waimbaji wanaijua, madereva wanaijua, hata muuza maandazi. Nikisema, bosi anacheka: "Wewe Mpemba una wasiwasi mno. Hapa ngoma na harusi tu, nani aibe?"

Basi wameiba, Mama. Wamechukua video za harusi na wanatishia kuzimwaga mtandaoni wasipolipwa. Ya mdogo wangu Zuwena imo. Unakumbuka siku ya hina hapo Pujini, shangazi alivyokaa mlangoni na pakacha, kila mwanamke akatia simu yake humo ndipo akaingia akavua buibui? Hata wewe ulicheza. Mpiga picha wa kampuni yetu peke yake ndiye aliyeruhusiwa, tena mwanamke, tukaona stara imetimia.

Bosi katukataza kuwaambia wateja, eti biashara itaharibika. Nikapekua kujua nini kimechukuliwa. Video ya harusi ya binti yake bosi, tuliyoirekodi sisi wenyewe, haimo. Nikamuuliza. Akajibu bila haya: "Ile niliitoa kwenye kompyuta zamani, iko kabatini nyumbani. Yule mtoto wa kike, bwana."

Ptuu! Kumbe alijua siku zote kuwa hapana usalama! Wallahi nilitoka pale pale, na kazi yenyewe nimeiacha.

Sasa nakuomba, mwite Zuwena chumbani umwambie mwenyewe, kabla hajaonyeshwa na mtu. Mumewe naye aambiwe na wewe, anakuheshimu. Halafu shangazi awapitie wote waliotia simu pakachani. Mimi nitakuja, nikae nanyi hapo hapo, wakinitukana wanitukane.

Nisalimie baba, na mjomba wa Wesha. Shangazi mwambie hakukosea kitu, mlango aliulinda vizuri. Zuwena mbusu, umwambie na yeye ni mtoto wa kike.

Mwanao,
Riziki