Kioo cha Baba Kilichotoa Jasho

Mjukuu wangu Mwajuma,

Jambo hili sijamwambia mtu: dirisha la kioo la baba yangu lilikauka kwa sababu yangu. Usicheke nikikuita mjukuu. Bibi yako ni dada yangu, basi nami ni bibi yako, ingawa nimemaliza shule juzi tu. Huku Mtunda hatujambo, na mpunga umeshika vizuri.

Umeniuliza kwa nini vioo vyenu huko Lushoto vinalowa ndani. Hata chetu kililowa. Baba alipokipachika masika yaliyopita, aliziba kwa udongo uwazi wote kati ya ukuta na paa, ili nyumba ifanane na ofisi ya bwana shauri, mkuu wa wilaya. Mama naye alipikia ndani kwa ajili ya mvua. Kila asubuhi maji yalichuruzika kiooni na ukuta ukalainika.

"Kesho naking'oa, naweka mbao," baba akasema.

Nilihuzunika, maana hapo ndipo ninaposomea, lakini kubishana na baba siwezi. Nikakumbuka kifuniko cha sufuria: mvuke ukikosa pa kutokea, hugeuka maji. Baba alipokwenda msikitini alasiri, nikazibua udongo juu ya dirisha kwa mpini wa jembe, nikamwomba mama apikie barazani.

Asubuhi kioo kikavu! Baba akakipapasa, akacheka. "Mama Zuhura, kilikuwa kinaona ugeni tu. Sasa kimetuzoea."

Basi nanyi acheni upenyo juu, mvuke utoke. Ila baba bado anawasimulia majirani jinsi kioo kilivyomzoea, na anafurahi mno. Tafadhali, siri hii ikae kwako.

Bibi yako,
Zuhura