Begi la Nasra Halijawahi Kupanda Ndege

Dada Zuhura,

Shikamoo. Marahaba ijibu mwenyewe huko uliko, mimi nitajifanya nimeisikia, kama nilivyojifanya mambo mengi.

Nakuandikia nikiwa kwenye karakana yangu hapa Mabatini, nimekalia sofa la mteja ambalo lilitakiwa liwe limeshavikwa kitambaa tangu juzi. Mkono hautaki kushika nyundo. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara tatu kwenda mlangoni kuangalia barabara, na sioni kitu ila watu wanapita na mambo yao. Simu nimeilaza kifudifudi mezani, nimeigeuza, nimeilaza tena. Nasubiri neno moja tu kuhusu mwanao. Ngoja nikueleze, maana jambo lenyewe lilianzia kwako na kwangu.

Unakumbuka siku yako ya mwisho ya kuongea vizuri, pale wodini? Nilikuletea uji ukaukataa. Ukanishika mkono ukauliza, "Idi, Nasra atasoma kweli?" Nikakujibu bila kupepesa jicho, "Dada, Nasra ameshapata chuo. Uingereza kabisa. Barua ninayo nyumbani." Barua gani, Dada? Nyumbani nilikuwa na barua ya serikali ya mtaa kuhusu taka. Lakini ulicheka, meno yote nje, ukamgeukia yule mama wa kitanda cha pili ukamwambia, "Umesikia? Mwanangu anakwenda Uingereza."

Siku mbili baadaye tukakuzika. Pale msibani kila aliyempa Nasra pole alimpa na hongera. Mtoto analia, anapewa hongera. Akanitazama mimi. 

Sasa sikiliza, na hapa sitii chumvi. Baada ya arobaini yako, yule mtoto aliingia kwenye simu akatafuta mpaka akakipata. Chuo cha Uingereza, cha kweli, kinachofundisha watu wakiwa kwao. Masomo yanakuja kwenye kompyuta, walimu unawaona kwenye kioo, kazi unaiandika unaituma, na mwisho wa yote shahada unayopewa ni ile ile anayopewa aliyekaa kule kwenye baridi. Aliomba, akaulizwa maswali, akakubaliwa. Anasomea ugavi, yaani namna ya kuagiza mzigo, kuutunza ghalani na kuufikisha unakokwenda bila kuharibika. Mimi niliyeishia darasa la sita ndivyo nilivyoelewa. Baadaye sana aliniambia, "Mjomba, sikutaka neno la mwisho alilofurahia mama liwe la uongo."

Ningelisikia mapema neno hilo labda ningetulia. Lakini siku alipokubaliwa mimi nilisikia nusu. Alikuja hapa mbio, kiatu kimoja mkononi, "Mjomba, nimepata chuo cha Uingereza!" Kabla hajamaliza kuvuta pumzi nimeshatoka nje kuutangazia mtaa. Ijumaa hiyo hiyo nikaitisha dua ya safari kwako Igogo. Unanijua. Pilau masufuria mawili, shehe akamwombea aende salama na arudi salama, majirani wakaleta masweta na kanga. Mzee Kanji, yule Mhindi ninayenunua kwake sponji na vitambaa, akaja mwenyewe na begi jipya la magurudumu, jekundu, limefungwa nailoni. Nasra ananivuta kanzu: "Mjomba, ngoja. Mjomba, nisikilize kwanza." Namwambia, "Hayo machozi ya safari, yatakauka ukifika."

Watu walipokwisha kunawa mikono na kuondoka ndipo nikakaa nikamsikiliza. Kwamba haendi popote. Kwamba chuo kitamfuata yeye hapa hapa.

Mtu mwenye akili angetoka nje akasema, jamani, nilielewa vibaya. Pilau bado iko tumboni mwao, wangecheka, yangeisha siku hiyo. Mimi nikamwambia mtoto, "Jifiche wiki mbili tu, nitafute maneno." Nikampatia chumba Mkolani, kwa bibi mmoja jirani na mashine ya kusaga.

Wiki mbili zikawa miaka mitatu, Dada. Maneno niliyapata, tena mengi, ila hayakuwa yale.

Pale kijiweni kwenye kahawa nilisema theluji imefika kiunoni na Nasra anakwenda darasani akiisukuma kwa kifua. Nilisema mwalimu wake aliposikia anatoka Mwanza alisimamisha somo, akataka habari za ziwa letu, na Nasra akamweleza jinsi mjomba wake alivyovua sangara aliyeburuta mtumbwi mpaka karibu na Ukerewe. Wazee walikuwa wananiongezea kahawa ili niendelee. Na mwanao, ambaye hajawahi kuvaa nikabu maisha yake yote, alikuwa anaivaa kila akija mjini ili asijulikane. Siku moja alipita mbele ya kijiwe nikiwa katikati ya theluji. Nilimjua kwa mwendo, ule mwendo wako wa kuchelewesha mguu wa kushoto. Akasimama. Akasikiliza kidogo. Akaenda zake. Na mimi niliendelea, Dada, nilimalizia na theluji yangu. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Alisoma, lakini. Wallahi alisoma. Siku za mitihani alifunga mlango, maana kuna msimamizi kule kule kwao anamwangalia kupitia kompyuta, na kwanza anamtaka azungushe kamera chumba kizima aone kuta, aone chini ya meza. Mtu mwingine haruhusiwi kuingia. Mimi kazi yangu ilikuwa kumbembeleza mwenye mashine asisage mpaka mtoto amalize. Nilimwambia ndani kuna mgonjwa wa presha, kelele zitamuua. Mashine ikazimwa, akina mama wakakaa juu ya magunia yao, wananong'ona kwa heshima ya mgonjwa. Nilijiona waziri. Halafu nikawaza, mtoto hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nikafungua mlango, chai mkono huu, mihogo mkono huu. Sauti ya Kizungu ikatoka kwenye kompyuta. Nasra akafumba macho. Mtihani ukafutwa, na somo lile ikabidi alirudie muhula uliofuata. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, umekuja na nia njema," na chai akainywa imeshapoa.

Basi mwezi huu cheti kikafika, kwenye bahasha ngumu, jina lake limeandikwa sawasawa, Nasra na lako la ukoo. Mzee Kanji alikuwa anatafuta mtu wa kumsimamia ghala lake. Nasra akavua nikabu, akaenda mwenyewe dukani, hakunishirikisha. Mzee alifurahi kumwona. Akamuuliza, "Binti, theluji ya kule uliiwezaje?"

Na Nasra ni mtoto wako. Akasema, "Mzee, sijawahi kupanda ndege. Nilisomea Mkolani."

Mzee Kanji akaiweka ile karatasi juu ya kaunta, taratibu. Akasema, "Miaka mitatu mjomba wako ananiambia uko Uingereza. Wewe unaniambia ulikuwa Mkolani. Karatasi inasema Uingereza. Hapa kuna kitu kimetengenezwa, na mimi ghala langu simkabidhi mtu nisiyemjua." Duka limejaa, wateja wanasikia. Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulishajua kwamba shahada ya Nasra ni ya kughushi.

Umeona nilichokifanya? Cheti cha haki, kimetolewa jasho, nimekigeuza karatasi ya vichochoroni kwa mdomo wangu tu.

Alikuja hapa kesho yake. Hakuniamkia. Tangu aanze kuongea, yule mtoto hajawahi kunipita bila shikamoo, hata siku ile ya mihogo. Alisimama mlangoni akasema, "Nimesoma kwa haki yangu. Usiniibie." Akageuka. Dada, nimewahi kugongwa nyundo kidoleni, nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa. Hivyo ni vitu vidogo.

Jana asubuhi nikalitoa lile begi jekundu uvunguni, nailoni yake bado, nikaliburuta mpaka dukani kwa Mzee Kanji. Wale wa kijiweni waliponiona wakafuata, "Idi, na wewe unakwenda Uingereza?"  Nililipandisha juu ya kaunta nikasema, "Mzee, begi lako hili. Halijapanda ndege. Mtoto hajapanda ndege. Mimi ndiye niliyemtuma Ulaya kwa mdomo."

Nilitegemea watalia. Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mzee Kanji hakucheka. "Idi," akasema, "wewe hata ukiniambia jua limechomoza, mimi natoka nje kuangalia. Leo unaniambia umedanganya. Nitajuaje kama na huo si uongo?"

Nilitafuta la kuapia, nikakuta viapo vyote nimeshavimaliza kijiweni.  

"Kaa pale," akanionyesha chini. "Mwite mtoto. Na leo wewe usiongee."

Nikakaa juu ya begi. Nasra akaja na kompyuta yake, akaifungua kwenye kaunta, akawaonyesha. Masomo moja baada ya jingine, kazi zake alizoandika, walimu walipomsahihisha kwa wino mwekundu, barua ya kufutiwa mtihani kwa sababu ya chai. Hapo wakacheka tena, na mimi nikameza. Mzee akamtega, akamuuliza kwa nini sponji zake za ghala la nyuma zinaota ukungu kila masika. Nasra akaomba akaone. Aliporudi akamwambia mzigo umeegemea ukuta unaovuja na umelala sakafuni, upandishwe juu ya mbao na uachiwe nafasi ya hewa, na uliotangulia kuingia utangulie kutoka, siyo mpya kurundikwa juu ya wa zamani. Nilijua mambo kumi ya kuongezea, yote ya uongo. Niliuma ulimi, Dada, nilionja chumvi. Na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa kuwa siku zote naongea mimi: mwanao akieleza kitu, watu wananyamaza wenyewe.

Mzee akachukua namba ya cheti. "Nitawaandikia chuo mimi mwenyewe. Wakinijibu, mtasikia."

Ndicho ninachosubiri. Naona mtu anakuja. Ngoja.

Siyo yeye. Ni mwenye sofa. Nimemwambia kesho, na hiyo kesho sijui kama ni ya kweli. Naona ukweli nimeuanza vibaya.

*

Dada, nimerudi. Utanisamehe mwandiko, naandika haraka.

Nilikuwa nimeinama nachomoa misumari, mdomo umejaa misumari, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, Mjomba."

Nilitema yote chini. Nikasema marahaba, nikairudia, nadhani nimeisema mara nne. Chuo kimejibu. Jina ni lake, shahada ni yake. Jumatatu anaanza ghalani, na cheti atakipeleka kwa wale wa serikali wanaotambua vyeti vya nje, ili asiwepo tena wa kumuuliza. Begi amerudishiwa. Mzee amesema zawadi haitolewi mara mbili.

Miguu ilishaanza kunipeleka kijiweni. Nasra akanishika kanzu, kama siku ile ya pilau. Safari hii nilisimama.

"Utawaambiaje?" akaniuliza.

"Nitawaambia ulisomea Mkolani. Jirani na mashine ya kusaga."

"Basi?"

"Basi."

Akacheka, meno yote nje. Hukufa ukaisha, Dada.

Ijumaa tunasoma dua nyingine kwako Igogo, ya shukrani. Maneno atayasema yeye. Mimi nitanawisha watu mikono, na nakuahidi birika ndilo litakalotoa sauti, siyo mimi. Tutapita kwanza makaburini, akusomee cheti kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, ili ujue kwamba pale wodini nilikudanganya, na mwanao akanilipia.

Lala salama, dada yangu. Nimalizie na moja, nianze hesabu mpya nikiwa msafi. Yule sangara hakuburuta mtumbwi. Sikumvua. Nilimnunua mwaloni, pale soko la samaki, na alikuwa mdogo. Lakini wewe ndiye uliyempika, na alikufikia mikononi ameshaparuliwa magamba. Ulijua siku zote, na ukanipakulia kichwa, ukawaambia watu, "Mpeni mvuvi."

Mdogo wako,
Idi