Sifuri ya Bwana Gwimo

Jumatano, jioni. Kasulu.

Ukungu leo ulikataa kuondoka. Saa nne asubuhi bado umelala juu ya mabati ya wodi, na mimi mtu wa Korogwe nimevaa soksi mbili mbili ndani ya viatu vya kazi. Nimerudi nyumbani nimechoka, miguu ina matope mekundu, lakini nacheka peke yangu jikoni mpaka jirani kaja kuchungulia kama niko salama.

Acha niandike kabla sijasahau. Majina nimebadili.

Kwenye wodi yetu ya wanaume, kila aliyetoka kufanyiwa operesheni tunamuuliza maumivu yake ni namba ngapi. Sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni yale yasiyovumilika. Chuoni lilikuwa swali jepesi sana. Chuoni hakukuwa na Papa Safari.

Papa Safari ni Mkongomani, anauza vitenge kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mguu wake uko ndani ya plasta baada ya kuanguka na pikipiki. Yeye siku zote ni kumi. Amelala, kumi. Anakula ugali na dagaa, anapangusa sahani kwa kidole, kumi.

"Papa, mtu wa kumi hali hivyo," nilimwambia juzi.

"Sista, mudomo haina maumivu. Mudomo iko sifuri. Ni muguu ndio kumi."

Nikaandika kumi.

Kwenye kitanda kinachofuata ndiko alikolazwa Bwana Gwimo, mkulima wa maharage na mfuga nyuki wa Heru Juu. Jana jioni ametolewa ngiri. Mwanaume mrefu, mpole, anayeongea kama anaomba samahani kwa kuongea. Pembeni yake, kwenye kigoda, ameketi mama mmoja mtu mzima, kitenge kimefungwa vizuri, mgongo umenyooka, uso umeelekea ukutani. Nikajua ni mama yake mzazi. Nikafurahi kuwa ana mtu wa kumuuguza.

"Mwakeye, Bwana Gwimo," nikamsalimia kwa Kiha. "Maumivu namba ngapi?"

"Sifuri, sista."

Niliuliza tena baada ya chai. Sifuri. Wenzangu wa zamu ya usiku nao walinikabidhi hivyo hivyo: katulia, hajasumbua mtu, kila akiulizwa ni sifuri. Hata dawa ya maumivu alikataa, akasema wapewe wanaoumwa. Nakiri nilimpenda. Kati ya Papa Safari na mzee wa kona ya mwisho anayeita "sista" hata akiota, huyu alikuwa kama likizo.

Ndipo nikampima presha.

Ilikuwa juu. Mapigo yanakimbia. Kipaji cha uso kinatiririka jasho, kwenye baridi hii ya soksi mbili. Mkono mmoja umekamata chuma cha kitanda mpaka vidole vimepauka. Na macho yamekodolea dari kama vile kuna mtu huko juu amemwahidi msaada.

"Bwana Gwimo, una uhakika ni sifuri?"

"Ego, ndiyo, sista. Labda..." Akatupia jicho upande wa kigoda. "Hapana. Sifuri."

Nikainama kuangalia chini ya kitanda. Chupa ya mkojo ilikuwa kavu kabisa, haijaguswa. Na huyu mtu amekula dripu tangu jana jioni. Maji yote yale yamekwenda wapi? Mkojo ukiziba baada ya operesheni kama hii, kibofu kinajaa, kinavutika, na mtu anaweza kuumia vibaya huku nesi akiandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo nikauliza kwa sauti yangu ya Korogwe, ambayo nimeshaambiwa mara nyingi kwamba inafika barabarani:

"Bwana Gwimo, umekojoa tangu jana?"

Wodi nzima ikageuka kututazama.

Bwana Gwimo alivuta shuka mpaka juu ya kichwa. Mama wa kigoda naye akavuta kitenge mpaka juu ya kichwa. Nikabaki nimesimama katikati ya watu wawili waliojifunika, nimeshika chupa tupu.

Papa Safari ndiye aliyeniokoa.

"Aii, sista! Unamuuliza vile mbele ya belmeri yake?"

"Mbele ya nani?"

"Belmeri! Mama ya bibi yake! Mutu atasema mambo ya mukojo mbele ya mama ya bibi? Afazali afe!"

Mama mkwe.

Kwetu mama mkwe ndiye atakayekufunua kidonda na kukugombeza kwa kukikuna. Lakini nimekaa huku muda wa kutosha kujua kwamba Waha wengi hawana mchezo na mkwe. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamtajani ovyo. Mke wa Bwana Gwimo, Anjelina, amejifungua wiki hii na hawezi kutoka nyumbani, kwa hiyo kamtuma mama yake aje kuuguza. Tangu jana mama huyo ametazama ukuta kwa heshima, na mkwe wake ametazama dari kwa heshima, na kibofu kinazidi kujaa kwa heshima.

Basi, kazi ikawa kumtoa Mama Anjelina.

Nikamwomba akachukue maji ya moto. Akanionyesha chupa ya chai, imejaa. Nikamwambia akapumzike nje kidogo. Akasema kutoka ndani ya kitenge kwamba mwanawe amemwapisha asimwache mgonjwa hata kidogo. Nikavuta pazia la kukunja. Likasimama kati yao vizuri tu, ila pazia halizuii sauti, na Bwana Gwimo alilijua hilo. Nilipomnong'oneza, akaninong'oneza: "Sifuri."

Nikaona nitumie cheo.

"Mama, kila anayeuguza hapa lazima na yeye apimwe presha. Njoo ofisini."

Haikuwa kweli. Ila aliponyanyuka aliishika nyonga na kuuma mdomo, nikaona kumbe si uongo mtupu, naye anahitaji kuangaliwa. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, nikamwambia presha haipimwi mtu akiwa katoka kutembea, atulie kwanza nitakuja. Hilo lilikuwa kweli. Kisha nikarudi wodini nusu nakimbia.

"Bwana Gwimo. Namba?"

Shuka likashuka mpaka puani. "Kaenda?"

"Kaenda."

"Yuko mbali?"

"Yuko ofisini, mlango umefungwa."

Akavuta pumzi, na sauti iliyotoka sikuitegemea kwa mtu yule mpole.

"Kumi! Kumi, sista! Kumi yote! Nafa mimi!"

"Sasa ananyang'anya kumi yangu," Papa Safari akalalamika.

Nikampapasa tumbo la chini. Limetuna na kukaza kama ngoma. Daktari alikuwa wodi ya pili, akaja, akagusa mara moja tu, akasema tuweke mrija wa mkojo sasa hivi. Nikamuuliza Bwana Gwimo kama angependa nimwite nesi mwanaume, maana najua aibu ni kitu kizito.

"Yeyote, sista. Hata mkuu wa wilaya. Yeyote aliye karibu."

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba mfuko ulijaa, nikaumwaga, ukaanza kujaa tena, na Bwana Gwimo akalia na kucheka kwa pamoja, akiniombea watoto, mashamba, mvua na mume, kwa Kiha na Kiswahili. Vidole vikaachia chuma. Nilipouliza tena, alifikiri kwanza, kama mtu anayepima kweli. "Sasa ni tano. Ni kidonda tu." Tano ile nikaiamini. Nikampa dawa aliyokuwa anaikataa, nikamfundisha kuukandamiza mto tumboni akitaka kukohoa, na baada ya muda presha ikashuka.

Ofisini nikamkuta Mama Anjelina anakula muhogo wa kuchemsha, haraka haraka, mashavu yote mawili yamejaa. Aliponiona akaganda.

Hakuwa amekula kitu tangu jana. Angekulaje mbele ya mkwe?

"Kula, mama. Na nyonga inauma namba ngapi?"

"Hainiumi."

"Mama. Mkwe hayupo hapa."

Akatafuna, akameza, akautazama mlango. "Saba," akasema taratibu.

Kigoda kile kingemvunja hata kijana. Nikampa dawa aliyoandikiwa na daktari, na tukakubaliana jambo: atahamia barazani, kwenye benchi, kando ya dirisha la kitanda cha mkwe wake. Kutoka pale anaona miguu yake tu, kwa hiyo kiapo kwa Anjelina hakijavunjika. Anakula akitaka. Ujumbe unapitia kwa Papa Safari, ambaye ameipenda kazi hii kiasi kwamba mchana alisahau kusema kumi.

Jioni, kabla sijatoka, ilikuwa zamu ya Bwana Gwimo kukaa kitandani na kushusha miguu kwa mara ya kwanza. Ni lazima asogee, mapafu yasije yakamletea matatizo. Lakini nilipomshika bega, niliona anauma meno tena na kutazama dirishani.

Na ndipo, kutoka nje, Mama Anjelina akaongea. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia migomba upande wa pili, kama anaiambia migomba.

"Mwambieni huyo mtu, mimi nilipomzaa mke wake nilipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Na bado aliniheshimu akaja kuposa."

Papa Safari akafungua mdomo aufikishe ujumbe. Nikamkatalia kwa kidole.

Bwana Gwimo akashika ukingo wa kitanda. Akashusha mguu wa kwanza. Akashusha wa pili. Kisha, polepole, kwa adabu zote, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu:

"Aii."

Wodi nzima ikapiga makofi. Hata mzee wa kona ya mwisho aliamka akapiga, hajui anapigia nini. Kule nje sikuona uso wa mama, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sidhani alikuwa analia.

Nimeosha viatu, nimeviweka karibu na jiko vikauke. Ninachojiuliza sasa ni sifuri ngapi nyingine nimeshazipokea mwaka huu na kushukuru, bila kuangalia mkono umeshika wapi, wala nani ameketi pembeni. Asubuhi nikiingia wodini nitaanza na hapo, kabla sijamuuliza mtu namba yoyote.

Na sauti nitaishusha. Nitajaribu.