Jogoo wa Murano

Markham, Toronto

Dada yangu Khairunissa,

Salaam nyingi kutoka kwenye baridi inayogandisha hata makamasi. Goti linasemaje? Na meno ya bandia, umeanza kuyatafunia au bado ni ya kupigia picha? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nyumba ya mwanangu Zameer imechafuka damu.

Najua binti yako Samina amekupigia simu analia, kwamba mumewe Reza kampasua kaka yake Zameer kichwa, polisi wamemweka ndani, na yeye Samina anafunga sanduku arudi kwako Tanga. Usimtafutie talaka kwanza. Soma.

Unaujua wazimu wa Zameer: sanamu za kioo za Kitaliano, kuku watupu. Kabati lao lina taa kuliko chumba changu. Kila mgeni lazima asomeshwe: ati zamani Venice waliogopa moto, wakahamishia matanuri kisiwani Murano, ati fundi aliyetoroka na siri ya kioo alitumiwa watu wa kumuua. Nikimwambia basi makuku yako yamezoea damu tangu utotoni, hununa. Kipenzi chake kilikuwa jogoo mwekundu, kioo kilichojaa mpaka ndani, mzito kama jiwe la kusagia, jina la fundi limechorwa chini ya mkia.

Jumapili tulisoma khitma ya marehemu mama yao Zameer na Reza hapo sebuleni. Reza, mcha Mungu wetu, akasema haiwezekani watu wasali wameelekeana na kuku, akambeba jogoo akamweka gereji, kwenye barafu. Februari hii! Wageni walipoondoka, na Samina keshatangulia nyumbani na mtoto, akamrudisha, akamtua juu ya hita ati apate joto. Jogoo akalia tak! Ufa toka kifuani mpaka kwenye mkia.

Zameer akamrukia. Alimwita mdogo wake punda wa msikitini. Reza akamjibu kwamba yeye anaabudu kuku. Wakaliangusha kabati. Viatu vyote viko mlangoni, kama desturi yetu, kwa hiyo walipigana pekupeku juu ya vioo, zulia likawa machinjio ya Idi. Halafu Zameer akamlaza Reza chini, akamkaba koo. Uso wa Reza ukageuka rangi, ulimi nje. Nilimtukana Zameer, nikamvuta masikio. Hakusikia.

Dada, ni mimi. Nilimshika yule jogoo shingoni, nikambamiza Zameer utosini.

Yuko hospitali, ameamka, anasema hakumbuki. Polisi walipouliza nani, Reza, sauti haitoki, alijigusa kifua. Nikafungua mdomo, akanikazia macho. Nikanyamaza, mimi, mwenye domo hili!

Mwambie Samina afungue sanduku. Mumewe amebeba kosa la baba yake. Nikishaituma barua hii, jirani yetu Polycarp, yule Mkongo, ananipeleka polisi. Nimemdanganya ninakwenda kupimwa macho, la sivyo atalia njia nzima.

Wasalimie wote. Na wakinifunga, usiwaambie watu wa msikitini ati naumwa. Waambie kweli: Anwarali amempiga mwanawe kwa kuku, na wanawe wote wawili wako hai.

Kaka yako mkorofi,
Anwarali