Niliyomwambia Ombati Ufuoni

Florida, Marekani

Kwa kaka yangu Nyakundi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Mnaendeleaje huko Sironga, na mgongo wa mama umepoa? Chai yenu iliponea ile mvua ya mawe? Mimi mwili ni mzima, lakini sina jema la kukuambia.

Unajua barua zangu zote huziandika kwa Kikisii ili shemeji amsomee mama. Hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, asielewe hata ikifunguliwa mbele yake. Kaa chini kwanza, kaka. Mdogo wetu Ombati amefariki. Tulimzika hapa Jumapili iliyopita, mimi na wanafunzi wenzake na Wasabato wachache wa huku. Najua mama angetaka kaburi liwe nyumbani, karibu na la baba. Sikuweza.

Ile pumu yake ndiyo iliyomuua, lakini haikuamka yenyewe. Tangu nimlete kusoma alikuwa na nafuu, nikawaandikia kwamba joto la huku limemfaa kuliko ukungu wa kwetu. Basi wiki tatu zilizopita bahari iligeuka rangi, ikawa nyekundu kama udongo, samaki wakafa wakajaa ufuoni. Kila aliyekaribia maji alikohoa. Mimi mwenyewe koo liliniwasha kama nimemeza pilipili. Sasa sikia ujinga wangu. Unakumbuka mama alivyokuwa akitufukiza, blanketi kichwani juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, na tukikohoa anasema vizuri, kifua kinafunguka? Nami nikadhani ni vile vile. Nilimpeleka Ombati ufuoni siku mbili mfululizo, upepo ukitoka baharini. Mzee mmoja muuza samaki, kitambaa puani, alitupungia mkono tuondoke. Nilidhani anakimbia uvundo.

Siku ya pili Ombati aliniambia, "Kaka, hewa ya hapa inauma."

Nikamjibu, "Vuta tu, vuta mpaka ndani. Kifua kinafunguka."

Akavuta. Huyo mtoto hakuwahi kunibishia, unamjua. Asubuhi yake nilimkuta ameketi kitandani, mabega juu, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza neno moja. Tulifika hospitali akiwa bado amenishika mkono. Saa sita ya mchana haikumkuta.

Daktari alinieleza pole pole. Anasema ni vimea vidogo sana majini, huwezi kuviona kwa macho, na vikizaana kupita kiasi vinatoa sumu. Mawimbi yakivipasua, sumu inapanda na upepo. Mwenye kifua kizima atakohoa, akiondoka pale anapoa. Mwenye pumu kifua kinajifunga, na anaweza kubanwa hata akisharudi nyumbani. Watu wa huku wenye pumu hufunga madirisha, au huenda mbali na bahari mpaka upepo ugeuke. Kumbe wote walijua isipokuwa sisi wawili. Nilimwuliza kama Ombati angepona nisingempeleka. Akasema hawezi kuapa. Tangu siku hiyo darasani nakaa tu.

Mfikie dada yetu wa Keumbu umweleze wewe, asije akasikia sokoni. Msalimie baba mdogo, na mchungaji umwombe akusindikize kwa mama, usiende peke yako.

Mama mwambie nilimpeleka mimi. Mwambie Ombati alilalamika kwamba hewa inauma, nami nikamlazimisha. Hayo usimfiche. Lakini lile la blanketi na sufuria, kaka, nakuomba usilitaje kabisa, wala kwa shemeji. Akiuliza nilikuwa nafikiria nini, mwambie sikuwa nafikiri. Atakasirika, huenda asitake kusomewa barua yangu tena. Mwache anikasirikie.

Mdogo wako,
Makori