Kanitungia Mtihani

Shoga, nimetoka shuleni sasa hivi, hebu nisikilize.

Nilikuwa nasimamia mtihani wa fasihi, ule aliotunga yule mwalimu mwenzangu ninayekaa naye meza moja. Nawasomea wanafunzi kifungu, kumbe ni hadithi ya mwalimu aliyeachwa na mumewe kwa barua iliyobandikwa kwenye friji.

Kwenye friji. Niliwaambia wewe na yeye tu.

Swali la kwanza: "Alilia kama bomba bovu. Hiyo ni tamathali gani?" Swali la pili: "Je, mhusika alistahili kuachwa? Toa sababu mbili."

Sababu mbili, shoga. Watoto arobaini wameinama wanaziandika.

Mtihani ulipoisha nikamfuata ofisini. Anakunywa chai, hata macho hakuinua. "Huo ni ubunifu tu, dada. Mhusika si wewe."

Nikamwambia, "Sawa. Mtihani wa mwisho natunga mimi, na ya kwako nayajua yote, hadi ya yule fundi."

Kikombe akakiweka chini. "Dada, mambo ya ndani ya mtu hayaandikwi kwenye mtihani."

Kasema yeye. Kwa mdomo wake.